Deki ya GL75 ya marehemu baba mkubwa, boksi limeliwa na mchwa. Nichonge la mti gani ili mngurumo uishe?

ChumbageniBoy
Wakuu habari za jioni. Nimerithi deki ya santuri Goldring Lenco GL75 ya marehemu baba mkubwa hapa Tanga, pamoja na sahani zake, nyingi ni za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) za bendi za Jamhuri Jazz, Atomic na za Nairobi za miaka ya 70. Imekaa stoo miaka na miaka, boksi la mbao la chini limeliwa lote na mchwa, ukiligusa ni unga mtupu, lakini bamba la chuma la juu, mota na ile sahani nzito ya kuzungukia viko salama kabisa. Kwa sasa nimeilaza juu ya mbao mbili za chaga za kitanda, inazunguka na inapiga, ila kuna mngurumo wa chinichini, spika kubwa inatetemeka hata wimbo haujaanza. Seremala ananiambia nikichonga boksi la mninga mzito mngurumo unaisha. Jirani yangu mstaafu anaapa kwamba mpingo ndio wenyewe. Nataka kitu kipya, kinene, kikae sebuleni watu wakione. Wajuzi, mti gani? Na ni kweli mbao ndiyo inanguruma?

Kanda_Mbili
Naweka mkeka hapa. Picha mkuu, uzi bila picha ni umbea.

SeremalaWaKeko
Seremala wako hajakudanganya. Mninga uliokauka vizuri haupindi, kiini chake mchwa hawakigusi, na ni mzito wa kutosha. Tatizo letu watu wananunua mbao mbichi leo kesho wanachonga, baada ya miezi inakunja uso, na ukishakaza lile bamba la chuma kwenye mbao iliyopinda bamba nalo linapinda, hapo mzunguko hauwezi kuwa sawa tena. Chukua ya inchi mbili, iache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuipima. Mvule nao unafaa. MDF, zile mbao za unga wa mbao na gundi, usithubutu na hewa ya Tanga, itavimba.

MbebaBoksi_Rotterdam
Huku nilipo watu wa Lenco ni dini kamili wallahi. Hawatumii mbao moja nene, wanakata vipande vya plywood ya birchi, tabaka moja MDF tabaka moja plywood, wanabandika kwa gundi mpaka inafika sentimita 8 au 10, halafu wanatoboa katikati nafasi ya mota tu. Wanasema tabaka tofauti zinaua mtikisiko kwa sababu kila moja ina tabia yake. Wengine wanatumia jiwe la sleti zito mtu mmoja habebi. Hizi deki za Kijerumani zilitengenezwa na boksi jepesi tupu ndani ili bei ishuke, uwezo wake wenyewe hatukuwahi kuusikia.

Fundi_Redio_Mstaafu
Usinunue mbao bado mwanangu. Mbao haingurumi, inapokea tu. Kwanza washa amplifaya, deki izunguke, sindano ikiwa hewani. Kama sauti bado ipo huo ni mvumo wa umeme, waya wa ethi haujafungwa au nyaya za sauti zimechoka, na hata uchonge boksi la dhahabu utabaki nao. Kama inakuja pale tu sindano inapogusa sahani, basi ni mitambo.

Jaribio la pili ni la Lenco peke yake. Mota yake inazunguka mwendo uleule siku zote, shafti ina umbo la koni, na kale kagurudumu ka mpira kanasogea juu ya koni kubadili spidi. Sasa sogeza kishikio kutoka 33 kwenda 45 huku unasikiliza. Mngurumo ukibaki palepale mshitakiwa ni mota. Ukipanda pamoja na spidi, ni gurudumu au beringi ya katikati. Lete majibu ndipo tuongelee mninga.

Na huyo wa Rotterdam, Lenco ni ya Uswisi, mji wa Burgdorf, siyo Ujerumani. Goldring ni jina lililotumika kuziuza Uingereza, ndiyo maana za kwetu nyingi zimeandikwa hivyo.

MbebaBoksi_Rotterdam
Shikamoo mzee, Uswisi, nimepokea.

MaishaNiSpika
Niaje watu wa bongo. Mimi niko Nairobi. Boss hujasema spika ziko wapi, kama deki na spika ziko kwa meza moja hiyo si mota, ni spika inarudisha mtetemo kwa sindano, sindano inapeleka kwa amp, amp inapeleka kwa spika, inazunguka hivyo hadi wufa, ile spika kubwa, inaanza kupiga makofi. Punguza volyumu, kama mngurumo unakufa ghafla badala ya kupungua pole pole, hiyo ndio shida. Nimeona jamaa amenunua graniti ya jikoni Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki, ikambidi arudishe, kumbe ni kuhamisha spika tu.

Kanda_Mbili
Luthuli siku hizi wanauza graniti?

MaishaNiSpika
Amp alinunua Luthuli, graniti ni ya kwingine. Wacha kunishika shati.

ChumbageniBoy
Asanteni. Mzee, sindano ikiwa juu ni kimya kabisa. Ikigusa sahani nasikia vitu viwili: mngurumo mmoja wa chini ambao haubadiliki nikisogeza spidi, na juu yake kuna tuk, tuk, tuk ndogo ambayo inaharakisha nikienda 45. Spika ziko sakafuni ila sakafu yenyewe ni ya mbao, nyumba ya zamani. Nikishusha volyumu unapungua taratibu, siyo ghafla.

Fundi_Redio_Mstaafu
Hiyo tuk tuk ni gurudumu la mpira lina kidonda. Ukizima kwa kishikio chake gurudumu linajitoa, linakaa huru. Lakini umeme ukikatika katikati ya wimbo, au mtu akichomoa plagi ukutani, linabaki limebanwa kati ya shafti na ile sahani nzito. Likikaa hivyo miaka stoo, mpira unabonyea sehemu moja. Litoe, lisafishe kwa spirit, kama bado, lipitishe msasa laini sana likiwa linazunguka, usilishike kwa mkono ukaanza kusugua kama sufuria.

Injinia_Nusu
Kwa heshima zote mzee, ukilipiga msasa kipenyo kinapungua na deki itaenda kasi tofauti. Bora atafute jipya au fundi viatu amwekee mpira mwingine.

SokoLaSanturi
@Injinia_Nusu hapana. Gurudumu la katikati halibadili spidi. Mpira unabeba mwendo wa uso wa shafti unaukabidhi kwa sahani vilevile, uwe mkubwa uwe mdogo. Kinachoamua ni unene wa shafti pale linapogusa na umbali kutoka katikati ya sahani. Na hata ungekuwa unabadilika, Lenco spidi yake haina ngazi, inatoka kama 16 mpaka 80 na ushee, unasogeza kidogo yameisha. Fundi viatu ndiyo asiguse kabisa, mpira usipokuwa duara kamili utapata tuk tuk tatu badala ya moja.

Injinia_Nusu
Nimechora kwenye karatasi, uko sahihi. Jina langu lina maana yake 😂

SeremalaWaKeko
Kwa hiyo ule mngurumo mwingine usiobadilika? Huo ndio wa boksi.

Fundi_Redio_Mstaafu
Huo ni wa mota. Mota ile ya pole 4 kwa umeme wa 50Hz (hezi 50, yaani mipigo 50 kwa sekunde) haiwezi kuzidi mizunguko 1,500 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 25 kwa sekunde, ndiyo unaona spika inatembea bila sauti ya maana. Mota imening'inizwa kwa springi makusudi isipeleke mtikisiko kwenye bamba. ChumbageniBoy angalia kama kuna skrubu za kusafirishia zimekazwa, watu walikuwa wanazikaza wakihama nyumba halafu wanasahau. Angalia pia springi hazijalegea upande mmoja mota ikagusa chuma. Halafu mafuta. Tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi za mota, baada ya kutoa ule uchafu wa zamani uliogeuka gundi. Siyo grisi ya gari, siyo mafuta ya kupikia, na zile kopo za kupulizia zinalainisha siku mbili halafu zinakauka.

MbebaBoksi_Rotterdam
Mzee hapo tunakubaliana nusu. Mota ikiwa nzima bado inatikisa, kila mota inatikisa, swali ni mtikisiko unakwenda wapi. Bamba la Lenco ni chuma chembamba, ukilikandamiza lote juu ya kitu kizito unaligeuza kuwa sehemu ya huo uzito. Nimesikia deki ileile, mota ileile, kwenye boksi la kiwandani na kwenye boksi la kilo 30, usiniambie ni mawazo yangu.

Bint_Vuga
Mwaonaje nami niseme. Kuna Waingereza wa Rega wanatengeneza deki tangu 1973 na wanaamini kinyume chake, boksi liwe jepesi na gumu, kwa sababu kizito kinahifadhi mtikisiko na kuutoa polepole, na deki zao zinauzika mpaka leo. Kwa hiyo uzito peke yake si jibu. Edgar Villchur naye kule Marekani mwaka 1961 alitoa AR XA, sahani na mkono wa sindano vyote vimekaa juu ya springi, ukigonga boksi kwa ngumi sindano haina habari. Njia tatu tofauti na zote zinapiga.

MbebaBoksi_Rotterdam
Dada hizo zote ni za mkanda, mota inazungusha sahani kwa mkanda. Mkanda wenyewe unachuja mtikisiko wa mota kabla haujafika. Lenco na Garrard 301 ya Uingereza gurudumu linashika moja kwa moja, hapo uzito una kazi.

Bint_Vuga
Sawa, lakini 301 nayo Waingereza kibao waliifunga kwenye kabati la redio la mbao nyembamba miaka ya 50 na hawakulalamika.

Injinia_Nusu
Hawakulalamika kwa sababu spika za wakati ule hazikushuka mpaka huko chini. Mngurumo ulikuwepo, wa kuutoa nje ndiye hakuwepo.

DJ_Mwanana
Yaani mnahangaika na makorokoro. Tafuteni Technics 1200, ile ya 1979, direct drive ya kwanza duniani, mota ndiyo sahani yenyewe, hakuna gurudumu hakuna mkanda. Nimepigia harusi mvua jua vumbi haijawahi kunguruma.

SokoLaSanturi
SL-1200 ya kwanza ni ya 1972. Ya 1979 ni MK2, ndiyo ile yenye kitelezi cha pichi (cha kuongeza na kupunguza kasi) unayoijua. Na kabla ya zote kulikuwa na SP-10 ya Technics haohao. Waliacha kutengeneza 2010 wakarudi 2016, na bei waliyorudi nayo ndugu yangu, acha tu.

DJ_Mwanana
Mwaka siyo hoja, hoja ni kimya.

MpingoHalisi_Kilwa
Nimechelewa. Hoja ya mpingo imepitwa kirahisi sana. Mpingo ukiutupa majini unazama, ni miti michache ya huku inayoufikia kwa uzito, Wazungu wanautengenezea klarineti na zumari zao kwa sababu ya sauti. Sasa kama unafaa klarineti utashindwaje deki?

Bint_Vuga
Klarineti inatakiwa ilie. Boksi la deki linatakiwa linyamaze. Kaka umejijibu mwenyewe.

MpingoHalisi_Kilwa
Klarineti inalia hewa ya ndani, mbao imesimama imara haichezi ndiyo maana wanautaka. Hebu fikiria vizuri.

SeremalaWaKeko
Hata kama mna haki wote, ubao wa mpingo wa kutosha deki mtautoa wapi? Mti wenyewe mdogo, umepinda, mara nyingi moyo una tundu. Unapata vigogo vifupi vya wachonga vinyago. Utaunga vipande 20 kwa gundi halafu msumeno umekufa. Weka mpingo kwenye miguu minne tu ya chini, unapendeza, jirani naye anafurahi.

MbebaBoksi_Rotterdam
Na usijaribu kunitumia huku, jamii zote za Dalbergia, mpingo ukiwemo, ziliingia kwenye orodha ya CITES (mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) 2017, mambo ya vibali ni marefu.

KwaMsisi_Msuya
Mimi nilichukua kipande cha graniti kilichobaki kwa mafundi wa jikoni, kizito balaa. Mngurumo ulishuka kweli lakini ukikigonga kinalia kama kengele ya kanisa, na ule mlio niliusikia kwenye muziki, sauti za wanawake zilikuwa na ukali fulani. Niliweka chini yake mpira wa tyubu ya baiskeli ndiyo ikatulia.

Injinia_Nusu
Tyubu ndiyo ilitibu, graniti ilikuwa mgeni mwalikwa.

KwaMsisi_Msuya
Labda. Ila nikiitoa graniti mngurumo unarudi, na tyubu iko palepale.

MamboYaOhio
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nilisafirisha AR XA kutoka Marekani kuja Arusha, nina transfoma nzuri ya 240 kwenda 110, mkanda mpya, mafuta mapya, lakini kila mwimbaji anaimba kama amelewa. Kila fundi anasema mkanda umelegea. Mkanda mpya jamani.

SokoLaSanturi
Transfoma inabadili volti, haibadili hezi. Mota ile inafuata 60Hz ya Marekani, huku ni 50. 33 na theluthi yako sasa ni kama 27.8, hiyo ni karibu nusu-toni tatu chini. Unahitaji puli ya mota ya 50Hz, kipenyo kimezidi kwa asilimia 20. Ukipata fundi wa lethi mwenye mkono mzuri anachonga ya shaba.

MamboYaOhio
Mungu akubariki. Lakini mbona nilipima kwa karatasi ya strobu (ile ya mistari ya kupimia spidi chini ya taa) mistari ikasimama kabisa?

Injinia_Nusu
Uliprinti ya Marekani yenye mistari 216. Chini ya taa ya 50Hz hiyo inasimama kwenye 27.8 ileile. Ya kwetu kwa 33 ni mistari 180. Na usitumie LED, nyingi hazipepesi inavyotakiwa, tumia balbu ya waya au tubu ya zamani yenye choki.

MaishaNiSpika
Hii ndio maana mi hupenda hii forum, mtu amepimia uongo kwa kipimo cha uongo vikakubaliana 😂😂

Kanda_Mbili
Na wa jenereta je? Kwetu umeme ukiondoka tukiwasha jenereta nyimbo zinapanda, friji ikiwaka zinashuka.

Fundi_Redio_Mstaafu
Hiyo ni hezi inayumba na mzigo. Mota ya AC inafuata tu. Inveta za bei rahisi ni mbaya zaidi, wimbi lake si laini, mota inavuma na kupata moto. Tena hapo ChumbageniBoy asije akasema boksi.

ChumbageniBoy
Mrejesho. Gurudumu nimelisafisha na msasa kidogo, tuk tuk imebaki kwa mbali sana, lazima utege sikio. Skrubu moja ya mota ilikuwa imekazwa kweli, mzee umenifurahisha. Springi mbili zina kutu nimezisafisha, mota nimeitia mafuta. Mngurumo umeshuka lakini haujaisha. Nikikandamiza bamba kwa kiganja unashuka tena. Halafu nikihamisha spika chumba cha pili, unashuka tena!

MbebaBoksi_Rotterdam
Kiganja! Umesikia mwenyewe. Kiganja ni uzito.

Fundi_Redio_Mstaafu
Kiganja ni nyama, kinanyonya. Si sawa na jiwe. Badilisha zile springi zenye kutu kwanza.

MaishaNiSpika
Na mimi spika nilisema post ya ngapi? Weka deki kwa shelfu ya ukutani, ukuta wa mawe, sakafu ya mbao ni ngoma. Free of charge.

Bint_Vuga
Hakuna aliyeuliza kuhusu mkono wa sindano. GL75 ina vipande viwili vya mpira vyenye umbo la V ambavyo mkono unakalia. Kwa umri huo vimekauka na kuvunjika, mkono unacheza huku na huku, na mkono unaocheza unaongeza kila mtikisiko. Kaka, shika mkono taratibu uutikise. Ukicheza, hapo huhitaji seremala.

ChumbageniBoy
Unacheza dada. Kidogo lakini unacheza. Kuna ungaunga mweusi pale chini.

Bint_Vuga
Ndiyo hivyo vipande. Vipya vinatengenezwa na watu binafsi, vya plastiki ngumu au shaba. Halafu pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya dhahabu. Kichwa chako, kile kinachoshika sindano, ni kipi? Vya siku hizi vingi vinataka gramu 2 hivi, watu wanaweka 5 wakidhani itatulia, wanalima santuri.

KwaMsisi_Msuya
Na zile santuri za zamani za mizunguko 78 usizipige na sindano hiyohiyo. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano ya sehemu 3 za elfu moja ya inchi, ya LP (santuri za 33) ni kama 0.7 ya elfu, inazama chini kwenye takataka.

Bint_Vuga
Na msizisafishe kwa spirit! Naona mmetaja spirit juu, hiyo ni ya gurudumu. Zile 78 nyingi ni shelaki (aina ya utomvu mgumu, siyo plastiki), spirit inaiyeyusha. Bibi yangu alikuwa na sahani za lebo ya HMV za wakati wa Siti binti Saad, wale waliokwenda kurekodiwa Bombay 1928, mjomba akazipaka spirit zing'ae. Zikawa ubao.

SokoLaSanturi
Inauma. Lenco kwa hizo ndiyo deki, maana 78 za zamani siyo zote zilirekodiwa kwenye 78 kamili, unahitaji kusogeza mpaka sauti ikae.

Kanda_Mbili
Bint_Vuga una zilizobaki? Njoo PM.

Bint_Vuga
Zilizobaki haziuzwi na PM sifungui.

SeremalaWaKeko
Jamani boksi. Mwenye uzi anachonga nini?

ChumbageniBoy
Nimeamua marini bodi (plywood ya kuhimili maji) tabaka nne ndani, mninga nje kwa ajili ya macho, miguu ya mpingo kumridhisha jirani. Vipande vya V naviagiza. Springi natafuta.

Fundi_Redio_Mstaafu
Utabadilisha vinne kwa mpigo halafu hutajua kilichotibu ni kipi. Badilisha kimoja, sikiliza, ndipo kingine. Na kabla ya kufunga, weka waya wa ethi kwenye bamba, nyingi zilikuja na waya mbili tu, na kile kikapasita kidogo cha kuzuia cheche kwenye swichi kitoe uweke kipya, cha umri huo kinapasuka.

SeremalaWaKeko
Atajua ni mninga 😎

Tandale_Chenja
Wakuu nina chenja ya BSR, inapanga sahani sita juu, lakini ikifika zamu inaangusha mbili kwa pamoja, za kisasa nene haifanyi hivyo, za 45 nyembamba ndiyo inaangusha. Nifungue uzi mpya au niulize hapahapa?

Kanda_Mbili
Uliza hapahapa. Weka picha ya ule mti wa katikati, upande wenye kile kidude kinachosukuma.